Kizunguzungu kilimshusha paani, Nakuleu amerudi juu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua la Kakuma halijaanza kuuma, Nakuleu Ewoi amesimama mbele ya ngazi ya miti akiitazama kama mtu anavyomtazama ngamia aliyewahi kumpiga teke.

Ngazi hiyo imeegemea ukumbi mpya wa wafanyabiashara, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa majani ya mkoma, mti wa jamii ya mitende, kutoka ukutani hadi karibu na ncha. Ncha yenyewe bado iko wazi. Ukiingia ndani na kuinua macho, unaona kipande cha mbingu chenye ukubwa wa sufuria ya harusi.

Kazi ya leo ni kuliziba tundu hilo. Mafundi wanapaita kilele, na hapo ndipo panapoamua kama nyumba itavuja, na kama upepo utaipita au utaondoka nayo. Wanawake wa kikundi chake wamekwisha kupanga mafungu ya majani chini. Hakuna anayecheka, na hawa ni watu wa kucheka.

Wana sababu. Kwa mwaka mmoja na nusu, kiongozi wao hajapanda kitu kirefu kuliko kigoda.

"Nikishindwa leo, mimi si fundi tena," anasema Nakuleu, akikaza leso kiunoni. "Nitakuwa mama wa kushikia watu ngazi."

Nakuleu ana miaka arobaini na saba na anaishi Kanamkemer, mjini Lodwar. Ujenzi aliupata kwa mama yake huko Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda. Kwa Waturkana nyumba ni kazi ya mwanamke: yeye ndiye anayekata miti, anayeikunja, anayeifunga na kuiezeka. Mwanamume huingia ikiwa tayari na kuuliza chakula kiko wapi.

Siku hizi kazi hiyo imekuwa na soko. Hoteli, makanisa na ofisi za Lodwar na Kakuma zimechoka kukaangwa na bati, zinataka kivuli cha majani. Ukumbi mmoja kama huu huweza kukiletea kikundi chake shilingi elfu themanini, na wanawake wanane wanagawana.

"Bati ni jiko," anasema. "Mimi najenga nyumba, sijengi jiko."

Kila jengo lao alilifunga kilele yeye mwenyewe. Hakuwahi kumwachia mtu, na hakuna aliyethubutu kuomba.

Mpaka siku ile alipokuwa juu ya paa la hoteli moja mjini Lodwar. Aligeuza kichwa kuitikia salamu ya mtu barabarani, na dunia ikakatika kamba.

"Paa lilienda, mimi nikabaki," anakumbuka. "Nikakumbatia mti kama mtoto. Nikaomba Mungu, nikatapika, nikaomba tena."

Kilipopita, alishuka polepole na kuwaambia wenzake kwamba goti limemuuma.

Goti hilo likawa maarufu Kanamkemer nzima. Watu walilipa pole. Jirani yake Namuria alimletea mafuta ya mbuni ya kulichua, naye akalichua, kwa maana uongo ukishaanza kuulea lazima uupake mafuta. Kazini akawa anaelekeza kutoka chini, akiwafokea walio juu kwa makosa ambayo hakuweza kuyaona vizuri.

Kwa nini hakusema ukweli?

"Mtu akiyumba mchana, watu wanasema amekunywa," anajibu. "Mimi ni mama wa kanisa. Halafu nani atapanda paa nyuma ya fundi ambaye kichwa inazunguka?"

Kizunguzungu kilimjia akigeuka kitandani, akiinama kufagia, akiitwa kwa ghafla. Ili kujikaza, akaongeza tumbaku ya kutafuna. Chakula kilimchefua, akawa anashinda na chai ya sukari nyingi na ugali wa jioni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Yake yalifichuliwa na kilio cha mtu mwingine, tena sokoni.

Alikuwa amekuja Kakuma kuuza mikeka. Amesimama mbele ya kibanda cha Amou Madut, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza bamia kavu na karkade, yale maua mekundu yanayochemshwa kuwa kinywaji. Pikipiki ikapiga honi nyuma yake. Nakuleu akageuka, na akaangukia gunia la karkade kifudifudi.

Ile iliyolowekwa kwenye beseni ya kuonjesha wateja ikammwagikia yote.

"Mimi naona mama nyekundu mpaka meno," anasimulia Amou, na hata leo anashika kifua. "Napiga kelele: wameua mtu! Watu wanakimbia kuja. Kumbe ni karkade yangu."

Amou alimlaza kivulini, akampangusa uso, kisha akaanza kumhoji kama mama mkwe. Umekula nini leo? Chai. Jana? Chai na ugali. Na mboga? Nakuleu akasingizia goti.

"Nikamwambia, hii si goti," anasema Amou. "Akataka kununua karkade kama dawa. Nikamwambia, karkade si daktari. Wewe enda hospitali, kalas, basi. Ukitoka huko, rudi, mimi nitakupa ya kunywa."

Katika zahanati moja mjini Lodwar alimkuta afisa wa afya aitwaye Lokiru, ambaye wagonjwa wote humwita daktari. Lokiru alimlaza, akamgeuza kichwa huku na huku, akayachunguza macho yake yalivyocheza. Akampima presha na damu. Mwishowe akamwambia tatizo liko ndani ya sikio, kwenye kile kiungo kidogo kinachouambia mwili kama umesimama au unaanguka.

Alimpa dawa za muda na mazoezi ya kichwa na macho ya kufanya kila siku. Akamwambia aache tumbaku, apunguze chumvi, anywe maji. Kisha akamwambia ale matunda na mboga za majani kila siku.

Hapo mgonjwa akakaa wima.

"Daktari, majani ni ya mbuzi," alimwambia. "Mbuzi anakula majani, mimi nakula mbuzi. Ndivyo Mungu alipanga."

Lokiru, mwenyewe mtoto wa wafugaji wa Kaaleng, hakukasirika.

"Mama, umewahi kuona mbuzi ana kizunguzungu?" akamuuliza. "Anasimama juu ya jiwe kama ngumi, hatikisiki. Labda anajua kitu."

Nakuleu anasema alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Ndicho kicheko chake cha kwanza kwa miezi.

Lokiru anakiri kwamba mzaha ule haukuwa sayansi. Sayansi yenyewe anaieleza taratibu. Mwili ukifanya kazi, anasema, hutoa mabaki yanayoshambulia chembe zake, kama kutu inavyokula bati. Matunda na mboga zina viini vinavyoitwa antioksidanti, ambavyo husaidia kuizuia kutu hiyo. Wapo watafiti wanaoamini kwamba chembe nyororo za sikio la ndani nazo huumia kwa kutu ya namna hiyo, na kwamba viini hivyo huenda vikawasaidia baadhi ya wenye kizunguzungu.

"Nasema huenda," anasisitiza. "Tafiti ni chache na ndogo. Mtu asiache dawa akakimbilia majani. Hata karkade, ukiwa na presha ya chini, inaweza kukuongezea kizunguzungu badala ya kukupunguzia. Pima kwanza."

Kwa Nakuleu tatizo likawa moja: matunda yanayoshuka kwa lori kutoka Kitale yanafika Lodwar yakiwa na bei ya kiburi. Akaanza na majani ya kunde kutoka mashamba ya kando ya mto Turkwel, na mlonge wa kanisani. Kisha akakumbuka mkoma.

Maisha yake yote alikuwa akikata majani ya mti huo na kuyaacha matunda yake. Yeye na mama yake waliyala enzi za ukame, wakiyaponda ganda ili kupata ule unga wake mtamu. Ndiyo maana aliyaacha. Mkoma, na matunda madogo ya porini yaitwayo edapal, kwake vilikuwa chakula cha njaa, cha watu ambao mifugo yao imekwisha. Fundi mkuu hali chakula cha njaa.

Akakata shauri kuyala kwa siri. Akafunga mlango, akatandika gunia chini ya kinu ili kisisikike, akaanza kutwanga.

Kinu hakifichiki. Kesho yake Namuria alibisha hodi akiwa na kilo mbili za unga na uso wa msiba.

"Nilisikia anatwanga mkoma," anasema Namuria. "Nikajua mambo imeharibika kabisa. Nikasema, ejok, ni sawa, dada, usione haya, njaa ni ya kila mtu."

Nakuleu akautazama ule unga. Angeweza kuupokea, akashukuru, akaongeza njaa juu ya goti. Badala yake alikaa chini na kulia, kisha akasema yote, kuanzia paa la hoteli hadi gunia la Amou. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa nyumbani.

"Niliona heri nionekane mgonjwa kuliko nionekane maskini," anasema, kisha anajicheka. "Kiburi pia iko na faida."

Jioni hiyohiyo aliwaita wanawake wa kikundi na kuwaeleza. Awoi, mwenye miaka ishirini na sita na mikono mepesi kuliko wote, ndiye aliyejibu kwa niaba yao.

"Tulijua si goti," anasema Awoi. "Goti lilikuwa linahama. Leo kushoto, kesho kulia."

Tangu hapo sufuria ya mboga ikawa ya kikundi kizima. Wakienda kukata majani ya kuezekea, wanarudi na matunda pia. Amou hutuma karkade kutoka Kakuma kila anapopata mtu wa kumpa, na Nakuleu huinywa bila sukari, akikunja uso. Tumbaku aliiacha kwa shida, na anakiri kuna siku aliinusa tu na kuirudisha.

Kizunguzungu kilianza kuja mara chache, na kikija, hakikukaa. Lokiru haamui ni kipi kilichomsaidia: mazoezi, kuacha tumbaku, chakula, au muda wenyewe. Anadhani ni vyote kwa pamoja. Nakuleu yeye ameshaamua, na hapendi kubishiwa.

"Daktari ana vitabu vyake," anasema. "Mimi niko na mbuzi wangu."

Sasa anaweka mguu kwenye ngazi.

Anapanda bila haraka, macho yakiwa kwenye fundo lililo mbele yake tu, kama Lokiru alivyomfundisha. Awoi anamfuata na mafungu ya majani. Amou amefunga kibanda chake na kuja, amesimama na jagi mkononi, midomo ikisali.

Karibu na ncha, Nakuleu anasimama. Mkono wake unakamata mti. Chini, watu wote wanaacha kupumua, kwa sababu wote wameona bega lake likiyumba.

"Mama?" Awoi anaita kwa sauti ndogo.

"Kaa hapo. Usiniguse."

Analikazia macho lile fundo. Anavuta pumzi, anaiachia, anavuta tena. Kisha anaunyoosha mkono nyuma, kiganja juu, na kusema kwa ile sauti yake ya zamani ya kufokea: "Leta majani! Unalala?"

Fungu la kwanza linaingia, la pili, la tatu. Anasuka, anakaza kwa meno, anazungusha kamba, na kile kipande cha mbingu kinapungua hadi ndani ya ukumbi kunakuwa na giza zuri la ubaridi. Vigelegele vinavyofuata vinawatoa wenye maduka nje. Amou anacheka na kulia pamoja, karkade ikimmwagikia miguuni, na hajali.

Nakuleu anashuka akitetemeka magoti yote mawili, safari hii kweli. Uso wake una fahari ambayo hajaribu kuificha. "Ejok noi," anasema, akiitazama kazi ya mkono wake juu kule. "Iko vizuri. Hiyo haivuji."

Mwezi ujao kikundi kinakwenda Kaaleng kujenga kanisa, kubwa kuliko ukumbi huu. Wanawake wanaanza kuzungumzia ngazi atakayohitaji fundi mkuu, naye anawakatiza.

"Ya Kaaleng, kilele ni cha Awoi."

Awoi anadhani hakusikia vizuri. "Mama, si umepona? Si tumekuona?"

"Ndiyo maana," anasema Nakuleu. "Jana ningekupa kwa sababu naogopa. Leo nakupa kwa sababu ni changu tena."