Kuku wa Baba Mkwe

Mwaka ambao unga mweupe ulipotea madukani nilikuwa darasa la sita. Tuliishi mtaa wa Maringo, chumba kimoja chenye pazia katikati, wazazi upande wa dirisha na sisi watoto upande wa mlango. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha blanketi Industrial Area. Mvua iliposhindwa msimu wa kwanza hatukuona tofauti kubwa. Iliposhindwa tena, kiwanda kikaanza kumwita siku chache tu kwa wiki. Baba alitueleza kwamba mtu ambaye hakuvuna hanunui blanketi, naye alilisema jambo hilo kwa utulivu, kama habari ya watu wengine.

Mama ndiye aliyebeba mabadiliko hayo mikononi. Githeri yake ya mahindi, ambayo zamani ilikuwa na maharagwe ya kutosha, sasa ilikuwa ya kuwinda maharagwe kwa kijiko. Jioni, soko lilipokaribia kufungwa, alikwenda kuokota majani ya nje ya kabichi, yale ambayo wauzaji huyabandua na kuyatupa, akayakata nyembamba hata usingejua yalikotoka. Chai ya maziwa ilibaki ya Baba peke yake. Sisi tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na sukari ikiisha tulikunywa strungi hiyo hiyo bila sukari, huku Mama akituambia tupulize polepole ili idumu.

Hapo ndipo kanisa letu lilipoletewa msaada wa chakula na watu wa ng'ambo: unga wa njano, maharagwe na mafuta ya kupikia. Ubishi ulianza kabla gunia la kwanza halijafunguliwa. Kwenye mfereji wa maji wanawake walisema wapewe wajane kwanza. Kwa kinyozi wanaume walisema chakula cha bure kitawafanya watu wavivu, na mmoja wa waliosema hivyo alikuwa baba yangu. Wengine walisema waliotoka mikoa ya mbali warudi mashambani kwao, kana kwamba huko mvua ilikuwa imenyesha. Wengine waliutazama unga wenyewe, ule wa njano, wakasema huo ni wa kulishia kuku.

Kamati iliundwa, na Mama akachaguliwa kuwa mmoja wa wanakamati, kwa sababu alijulikana kuwa hana mdomo wa kutangaza mambo ya watu. Vijana wa mtaa wakaanza kumwita mathe wa kamati, yaani mama wa kamati. Sisi wenyewe hatukupewa chakula hicho, maana Baba bado alihesabiwa kuwa na kazi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mke wa karani wa serikali, mama mrefu aliyevaa miwani na aliyeishi mtaa wa jirani, Jericho. Sitaki aeleweke vibaya. Alikuwa mtu wa haki, na alijua kwamba magunia yalikuwa machache kuliko watu. Kwa hiyo aliweka utaratibu wa kuwatembelea majumbani wote waliopewa, kuona kama kweli wana haja. Katika ziara hizo alikuwa na tabia ya kufunua sufuria.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa miongoni mwa waliopewa. Alikuwa mama wa watoto wanne, kwao ni upande wa Kakamega. Mume wake alikuwa kibarua wa viwandani, na kazi ilipokosekana alishuka Mombasa kuitafuta. Barua zilikuwa zimekatika. Mama huyu alifua nguo za watu kule Eastleigh alipoitwa, na siku ambazo hakuitwa alikaa mlangoni akiwasuka nywele binti zake, akizifumua na kuzisuka upya, ili mikono iwe na kazi.

Jumamosi moja baba mkwe wake alifika kutoka nyumbani bila kutanguliwa na habari yoyote. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti zito, ameshika mfuko wa kitambaa. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe haonekani, akaja kujionea. Jirani alimkaribisha, akampa maji ya kunawa uso, kisha akatoka haraka na kopo lake la mafuta likiwa ndani ya kanga. Aliporudi hakuwa na kopo. Alikuwa na kuku.

Alikuja kwetu kuazima sahani ya udongo, ile nzuri ya Mama. Mama alimtazama, akamtazama na kuku aliyekuwa amefungwa miguu pale barazani, akaenda kuichukua sahani. Kwao jirani, mzee kama yule hawekewi sukuma wiki mbele yake. Hilo Mama alilijua, kwa kuwa walikuwa wameishi ukuta mmoja miaka mingi.

Alasiri hiyo mwenyekiti aliamua kupitia safu yetu. Alimpitia Mama, wakaenda pamoja nyumba kwa nyumba. Nilikuwa barazani naosha vyombo walipofika mlango wa pili, kwa jirani, na harufu ya kuku ilikuwa imejaa safu nzima. Mwenyekiti aliingia, akasalimia, akamsalimia mzee kwa heshima, kisha akainama kwenye jiko na kufunua.

"Hii ni nyama?" aliuliza.

"Ni kuku, mama."

"Umempata wapi?"

Jirani angeweza kusema ni zawadi ya mzee, na nadhani mzee mwenyewe angeitikia. Badala yake alisema wazi, "Nimebadilisha na mafuta ya kanisa."

Mwenyekiti alishusha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo mno kwa siri. Alimwambia kwamba mafuta yale yalitolewa kwa ajili ya watoto wenye njaa, si kwa ajili ya karamu, na kwamba itabidi jambo hilo lifike kwenye kamati. Mzee alisikia kila neno. Nilimwona kupitia mlango, ameketi wima, mikono juu ya magoti, kofia imewekwa pembeni. Kisha mzee akasema, kwa Kiswahili cha polepole, "Mmefika wakati wa chakula. Karibuni mle."

Mwenyekiti alishukuru, akasema wana nyumba nyingine za kuona. Alikuwa tayari mlangoni alipogundua kwamba yuko peke yake. Mama alikuwa amevuta kigoda na kuketi.

Sikuingia, lakini nilisikia maji yakimwagwa mikononi na mzee akiomba baraka kwa lugha yao. Mzee alipewa firigisi kama ilivyo desturi yao, na Mama akapewa shingo. Watoto walikula kimya, kwa bidii. Mama aliporudi nyumbani alinawa mikono, akaanza kukata kabichi yetu, na hakutueleza chochote.

Habari ilifika kwa kinyozi kabla ya Baba kurudi. Aliingia na uso umemshuka. Alimwambia Mama kwamba amemwaibisha, kwamba watu wanasema wanakamati wanakula kuku kwa mafuta ya maskini. Mama alimwambia kwamba alikaribishwa na mzee wa watu, na kwamba asingeweza kumwacha mzee yule na maneno yale masikioni na nyumba tupu mbele yake. Baba hakukubali.

Kesho yake, baada ya ibada, watu walibaki ukumbini. Mwenyekiti aliusimulia mkasa mzima bila kuongeza wala kupunguza. Alisema waliotuma chakula watauliza kilivyotumika, na kwamba kuna nyumba ambazo hazijapata hata kikombe cha unga. Bwana mmoja mwenye duka alisema anayeuza mafuta leo atauza unga kesho. Msichana wa kwaya aliinuka akauliza kama mtu akipewa shati lazima aulizwe amelivaa kwenda wapi, na watu wa nyuma wakacheka, wale wa mbele wakakunja nyuso. Mwingine alisema maskini akianza kuchagua chakula basi si maskini. Maneno yalikwenda na kurudi hivyo, na kwa muda mrefu hakuna aliyemgeukia mwenye kuku.

Mwishowe alisimama mwenyewe. Alikuwa amevaa kilemba cheupe na mtoto wa mwisho alikuwa amemshika sketi.

"Watoto wangu wamekula unga huu wa njano kila siku, na sijalalamika," alisema. "Baba mkwe alikuja kuangalia kama nyumba ya mwanawe bado ni nyumba. Nilitaka arudi akaseme ni nyumba. Mkininyima, ninyimeni. Lakini msiseme sina njaa kwa sababu mlinikuta na kuku."

Akaketi. Mama akasimama baada yake, ingawa hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Alisema maneno machache tu. "Mimi nilikula kuku huyo. Kama ni kosa, liandikeni kuwa langu pia."

Mikono ilipoinuliwa, walioshinda ni waliotaka jirani asimamishiwe chakula mpaka mwezi uishe. Mama alirudisha ufunguo wa stoo ya chakula na kujitoa kwenye kamati siku hiyo hiyo. Njiani kurudi, yeye na jirani walitembea mbele, sisi watoto nyuma yao, na Baba peke yake upande wa pili wa barabara.

Haikupita muda kiwanda kikawaambia watu wa idara ya Baba wasirudi tena. Alikaa nyumbani juma zima akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Akiba ilipokwisha, Mama alimwambia kwamba ataomba kwa kamati, naye akasema fanya unavyoona. Mwenyekiti akaja, kama utaratibu ulivyotaka. Alionekana kutopenda kazi aliyokuja kuifanya. Alitazama jiko, mkono ukaanza kunyooka kuelekea sufuria.

Baba aliinuka kitandani. "Usijisumbue, mama," alisema. "Nitakufunulia mimi."

Akafunua sufuria ya mboga. Akafunua ya chai. Akafunua debe la unga, akaliinamisha ili aone chini, kisha akafunua hata ndoo ya maji. Hakuwa na hasira. Alifanya taratibu, kama fundi anayemwonyesha mtu kazi yake, na mwishowe akabaki amesimama na kifuniko mkononi, hajui akiweke wapi. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo kabla ya siku ile. Mwenyekiti alisema pole, akatoka bila kuandika kitu.

Tuliwekwa kwenye orodha, na siku ya kugawa Baba alisema ataenda yeye. Wanaume hawakuwa wakipanga foleni ile. Waliwatuma wake zao au watoto. Alivaa koti lake la Jumapili, akachukua kikapu, akasimama katikati ya wanawake tangu asubuhi mpaka zamu yake ikafika. Wengine walimtania kidogo, kisha wakamzoea, wakaanza kumwachia watoto wao awashike walipochoka. Aliporudi hakuingia kwetu moja kwa moja. Alisimama mlango wa pili, akaweka kikapu chini na kuomba chombo.

Jirani alitoka. Baba alimwambia, "Mama, nilisema mengi kwa kinyozi. Nilisema nikiwa nimeshiba." Akampimia nusu ya unga na nusu ya mafuta.

Jirani alishukuru kwa mikono miwili. Kisha akatazama ule unga kikapuni, akamuuliza kama nyumbani tutaupika kama ule mweupe. Baba alikiri kwamba ndivyo, na kwamba amesikia haumezeki. Basi jioni hiyo jirani alikuja kwenye jiko letu, akamwonyesha Mama jinsi ya kuuchanganya na unga wa muhogo, maji yachemke sana, na moto upunguzwe ili uive bila haraka. Ugali ulitoka mzito, wenye rangi ya kahawia hafifu. Baba alikula, akaongezewa. Wanawake wawili walimtazama akila, wakatazamana, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano.

Mwenyekiti alirudi kwetu kabla ya mwezi kuisha, safari hii bila karatasi. Alikunywa strungi pamoja na Mama, akasema mzee yule amekuwa akimjia mawazoni, jinsi alivyomkaribisha chakula baada ya yeye kumvunjia heshima. Alimwomba Mama arudi kwenye kamati. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna tena atakayefunua sufuria ya mtu. Mwenyekiti alifikiri, akauliza watajuaje basi nani ana haja. Mama alisema watawauliza, na watakaodanganya watakuwa wachache.

Sijui kama walikuwa wachache. Ninachojua ni kwamba sufuria hazikufunuliwa tena, na kwamba katika ugawaji uliofuata jirani alisimama foleni akapewa unga, maharagwe na kopo lake la mafuta. Mvua ilirudi, na baadaye Baba akapata kazi kwenye karakana ya magari. Jirani alihamia Eastleigh, akaajiriwa kupika katika hoteli moja ndogo, na mume wake aliporudi kutoka Mombasa akamkuta huko. Kopo lile la pili la mafuta alilipeleka wapi, Mama hakujua, maana hakuuliza.