Hitma ya Mume wa Kwanza wa Mama

Nichekeni mtakavyo, ila msiniambie nilionywa, maana najua.

Kabla ya baba, mama alikuwa mke wa askari aliyeuawa Burma. Habari ya kifo ilipofika Bagamoyo akakaa eda, ikaisha, baba akamposa, nikazaliwa mimi. Mimi huyu, mwalimu wa historia, nikaona haya kwamba marehemu hajasomewa hitma. Nikamsaka mwenzake wa vitani hadi nikampata Lugoba.

“Mwache marehemu apumzike, mwanangu,” mama alinisihi. Nikadhani anaogopa gharama ya pilau.

Hitma ikasomwa. Nikamsimamisha mgeni wangu mbele ya shehe na wazee wa mtaa.

“Alinifia mikononi,” alisema. “Vita vilikuwa ukingoni, tunangoja kurudishwa makwetu. Akanipa salamu za mkewe.”

“Paza sauti, mzee wangu, na walioko nje wasikie!” nikamhimiza, juha mie.

Akarudia. Chumbani kwa wanawake mama alipiga yowe moja. Baba akainamisha kichwa. Macho ya wengine yote yakanigeukia, kwani hakuna baraza ambako baba hajajigamba: siku vita vilipokwisha, mwanawe alikuwa ameshaanza kutembea.