Kaka ametundika baiskeli ya baba ukutani na baba bado yuko hai

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana nusu ya ukoo wetu wako kwa hii page.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, nashona nguo hapa Mbita. Baba yetu amepita sabini, anakaa Rusinga. Zamani kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe, na vijiji vyote alivizunguka na baiskeli moja nyeusi, ile ya chuma kizito. Ilipozeeka aliiegemeza ghalani, kuku wakawa wanalala juu yake.

Mwaka jana kaka yetu mkubwa, ambaye amejenga Homa Bay, aliipeleka kwa fundi Migori. Jamani, ilirudi kama bibi harusi! Rangi mpya, madigadi unajiona uso, kiti cha ngozi, kengele ya shaba. Baba alipoiona alilia. Akapanguza macho akauliza pampu iko wapi. "Jumapili naenda nayo kanisa."

Kaka akacheka. "Mzee, hii si ya kupanda tena. Hii ni ya kuangaliwa." Akaitundika sebuleni kwake, na taa ndogo juu yake. Wageni wakija wanapiga nayo picha.

Nilidhani baba atazoea. Mwezi uliopita kaka alitualika chakula cha mchana. Watu bado wako mezani, baba akainuka, akaishusha mwenyewe, akatoka nayo. Alizunguka uwanja kengele ikilia, shati limejaa upepo. Sijamwona na furaha hiyo tangu tumzike mama. Kaka akatoka mbio, akashika usukani mbele ya wageni wote.

"Baba, shuka! Ukianguka nitaambia watu nini? Na hiyo rangi nitaitoa wapi tena?"

Baba akashuka polepole. Tukiwa njiani kurudi ndio aliniambia, "Nyara, binti yangu, vitu vya mtu hutundikwa akishakufa. Ndugu yako ameanza matanga yangu mapema."

Tangu hapo hakanyagi kwa kaka, hata simu yake hashiki. Nimeongea na kaka mpaka nimechoka. Ananiambia magoti ya mzee ni mabaya, na hilo ni kweli. Ananiambia vipuri vya asili havipatikani tena. Sawa. Lakini sasa ameyafunga magurudumu kwa mnyororo na kufuli, kwani baba ni mwizi? Si ni baiskeli yake?

Sasa jana mke wa kaka amenipigia. Kaka amesafiri, yeye mke ndiye ana ufunguo wa kufuli, anasema nije na pikapu niichukue nimpelekee mzee. Nikienda, kaka hatanisamehe, na huyo mama wa watu ataumia kwa sababu yangu. Baba akianguka kwa yale mawe ya Rusinga, watasema ni mimi nimemuua. Nikikataa, nitaendelea kumwona ameketi nje, chai inapoa mkononi, haongei na mtu.

Mke wa kaka anangoja jibu leo jioni. Wenye wazazi wazee, niambieni ukweli hata kama utaniuma: niende niichukue, ama niiache pale ukutani?