Mungu Hakumtaja Mdogo Wangu

Tulipomaliza kumzika mama kando ya kaburi la baba, kule Machame, baba mkubwa alisimama mbele ya usharika mzima akatangaza kwamba Mungu amesema naye. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti moja, na hakuwahi kutoa neno zito bila kukohoa kwanza. Mungu amemwagiza anichukue mimi, alisema. Wamama wakapiga vigelegele. Miaka ile ya tisini ugonjwa ulikuwa unafagia nyumba, na aliyechukua yatima alivishwa kilemba cha ukoka kila Jumapili, nje ya kanisa, huku ndizi na mayai ya sadaka vikinadiwa.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, najua kukata majani ya ng'ombe. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu, tena anakohoa. Bibi mmoja akauliza, "Na huyu je?"

"Kuhusu huyo," baba mkubwa akajibu, "Bwana bado hajanifunulia."

Unafiki nimeuona mwingi, lakini ule ulikuwa umepigwa pasi.

Aliyemchukua mdogo wangu ni jirani yetu, mpika pombe ya mbege. Kanisa lilikuwa limemtenga na Meza ya Bwana kwa kuishi na mwanamume bila ndoa. Hakutangaza lolote. Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga inayonuka pombe, akasema, "Twende ukanywe uji," wakashuka zao mgombani.

Kwa baba mkubwa nilikata majani. Wageni wa Kizungu walipokuja nilivalishwa gauni, nikaitwa ushuhuda. Wakiondoka, gauni lilirudi sandukuni. Nilimdharau mtu yule, na hata kufa kwake, miaka mingi baadaye, hakujanipoza.

Siku ya kipaimara ya mdogo wangu, binti aliyenawiri kwa uji wa ulezi na kelele za walevi, mchungaji aliwaomba wazazi wasimame nyuma ya watoto wao. Baba mkubwa akakohoa, akafunga kifungo cha koti, akaenda mbele kupigwa picha.

Mdogo wangu akageuka. "Shikamoo baba mkubwa. Hapo ni pa mama."

Akatembea hadi benchi la mwisho, akamshika mkono mpika mbege. Mchungaji akamfuata, akamnong'oneza kwamba mama huyo ametengwa.

"Basi mnitenge na mimi."

Kanisa lote lilisikia. Mchungaji akasita, halafu akamwekea mikono kichwani palepale, kwenye benchi la mwisho. Baba mkubwa alibaki mbele, amesimama nyuma ya nafasi isiyo na mtoto.