Reale mbili kutoka Lusu: moja ililia, nyingine ikanyamaza

Wakuu, heshima kwenu. Shikamoo zenu nimeshazipokea, maana nina miaka themanini na ushee.

Nimewaona vijana humu mnabishana reale ipi orijino na ipi feki. Ngoja niwape nililoliona kwa macho yangu, chumvi sitii hata punje.

Enzi za Mwingereza tulikaa Ng'ambo, Tabora. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli, na ugonjwa wake ulikuwa kukusanya reale, zile dola kubwa za fedha zenye sura ya malkia mnene wa Ulaya. Zilifika kwetu na misafara ya pembe. Mama alimwita yule malkia mke mwenza.

Asubuhi moja akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Lusu, jina lake Nyamizi, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, baba," akaamkia kwa Kinyamwezi.

Akafungua pindo la kanga. Reale mbili, zinang'aa mpaka zinaumiza macho.

Baba akashika kichwa. "Mwanangu, umezifanya nini?"

"Nimezisugua kwa majivu na mchanga. Ningekuletea vitu vichafu?"

Wakuu, MSISUGUE. Kusugua kunakula sura ya sarafu, na ule weusi ndio umri wake. Ila yeye alifanya kwa adabu, hatukumlaumu.

Sasa shida yake. Reale zilifukuliwa zikiwa ndani ya chungu nyumbani kwa babu yake, marehemu Kasanda, mpagazi aliyebeba mizigo kwa miguu hadi pwani na kurudi. Mtoto alikuwa halali wala hanyonyi, wakaagua, ikaonekana anadai jina la babu huyo.

Wakwe wakagoma. Waliiona reale moja imekatwa, wakajua ni feki, wakasema Kasanda alikuwa tapeli wa kupitisha feki njiani. Jina la tapeli haliingii kwenye ukoo wao.

"Niambie kweli tu, baba. Nitaipokea."

Baba akaidondosha ya kwanza juu ya jiwe la mlangoni. Ikalia, mlio mrefu, mwembamba. Akapitisha ukucha ukingoni, herufi zimeinuka. Akachukua lenzi, akahesabu lulu za bizimu, ile pini ya vazi begani kwa malkia. Zimetimia.

"Hii ni yenyewe."

Ya pili ikasema "ko", basi. Ukingo mtupu. Ndani madini ya risasi, si fedha.

Nyamizi akakaa chini pale pale na mtoto wake mgongoni. Roho iliniuma, jamani.

Lakini baba hakuirudisha. Aliigeuza juani, akauangalia ule mkato. Ulikuwa wa tupa, umepita katikati ya uso wa malkia.

"Mmeikata nyinyi?"

"Hapana, imetoka hivyo chunguni."

Akatuonyesha. Majivu yamesafisha juu, lakini ndani ya mkato weusi wa miaka mingi bado umeganda.

"Basi babu yako ndiye aliyetapeliwa. Tapeli haikati feki, mwanangu, anaipitisha. Huyu alilipwa risasi kwa jasho lake, akaikata usoni ili isimdanganye mtu mwingine hata akifa."

Wakuu, hebu fikirieni. Mtu ametembea miezi, bega limechubuka, analipwa uongo. Angeweza kuinunulia chumvi kwa mgeni yeyote njiani na nani angejua?

Nyamizi akamtoa mtoto mgongoni, akamwambia sikioni, "Kasanda."

Jumapili baba akaenda naye Lusu, akawaonyesha wakwe ule weusi. Wakalikubali jina.

Wakati wa kuaga, baba akaomba auziwe ile feki, kwa bei yoyote atakayo.

Nyamizi akacheka. "Chukua ile nzuri, baba, nakupa bure. Hii ni ya mtoto."

Nilichojifunza: sikiliza mlio, gusa ukingo, usisugue. Na ukikuta kovu usikimbilie kutupa, uliza kwanza nani alilitia na kwa nini.

Haya, semeni kweli humu ndani: ingekuwa wewe umelipwa ile ya risasi, ungeikata?