Tairi la Tela

Madereva wenzake walimwita Masafa, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mkewe naye alikuwa na jina lake la kumwita, Mgeni, na hakuwa akitania. Mtu anayeondoka na shehena ya saruji mtoto akiwa anatambaa, akarudi akamkuta anakimbia, utamwitaje?

Lakini tuelewane, Masafa hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, na binti yao wa pekee ndiye aliyekuwa roho yake. Kilichomshinda ni kufika kwa wakati. Binti anazaliwa, baba yuko mpakani kwenye foleni ya malori. Binti anaanza shule, baba amelala uvunguni mwa lori akisubiri spea. Binti anahitimu chuo, baba kazuiliwa mizani. Na kila mara alipiga simu na sababu yake ile ile: tairi la tela limepasuka. Haikuwa kweli kila mara, lakini kueleza habari za mihuri, vibali na uzito wa ekseli kulimchosha, na mkewe hakuwa na subira ya kusikiliza. Tairi kila mtu analielewa. Binti alipokuwa mdogo aliwahi kumshauri baba yake anunue tela lisilo na matairi.

Aliyeziba pengo miaka yote hiyo ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba ndiye aliyekimbilia hospitali, mjomba ndiye aliyempeleka mtoto shule, na siku ya mahafali mjomba ndiye aliyepiga picha kifua mbele kana kwamba kamzaa yeye. Basi harusi ilipokaribia, mama akatoa tamko mbele ya ndugu wote. Baba ndiye atakayemshika binti mkono na kuingia naye ukumbini, hiyo ni haki yake. Ila akichelewa, kwa sababu yoyote ile, mjomba ataingia naye na Masafa atakaa nyuma na waalikwa. Mjomba akasema yeye hana neno. Kumbe suti alikuwa ameshashona.

Safari hii Masafa aliacha mzigo ukachukuliwa na mwenzake, akarudi nyumbani mapema. Tena akakataa katakata habari ya dereva wa kukodi. Nyumba yenye dereva aliyezeekea barabarani iazime dereva? Akaomba kigari cha jirani, kidogo, cheupe, kikafungwa maribani ya harusi, naye akaenda kumchukua binti saluni akiwa ndani ya suti iliyombana makwapa. Kabla ya kuondoka alikizunguka kile kigari akigonga matairi kwa rungu, moja baada ya jingine, akisikiliza mlio. Wasusi walitoka nje kumtazama. Bibi harusi akajifanya anarekebisha shela.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kila kona Masafa aliichukua kwa upana, akitanua mpaka upande wa pili wa barabara ili tela lipate nafasi ya kufuata, na tela halikuwepo. Walipofika kwenye njia ya mkato ipitayo chini ya daraja la reli, akakanyaga breki.

"Hapa hatupiti," alisema. "Tutagusa juu."

Binti alimkumbusha kwa upole kwamba paa la hicho kigari linamfika baba kifuani. Masafa aliona aibu kweli, maana kichwa kilikuwa kinajua, ila mikono haikuwa na habari. Na mikono ilikuwa imeshageuza gari kuelekea barabara kuu.

Huko akatulia. Akaona ndiyo nafasi ya kumpa mwanawe wosia wa ndoa, aliouandaa tangu safari iliyopita. Akamwambia kwamba mlima unaupanda kwa gia ndogo na unaushuka kwa gia hiyo hiyo, na wanaokufa ni wale wanaoachia gari liserereke kwa kuona mteremko ni rahisi. Binti alikuwa anaanza kuguswa. Masafa naye aliguswa na maneno yake mwenyewe kiasi kwamba hakuona mkono wake ukiwasha indiketa ya kushoto, kama ulivyofanya maelfu ya mara mahali pale pale, na kigari kikaingia taratibu kwenye foleni ya mizani ya malori.

Alipozinduka, mbele yake kulikuwa na tangi la mafuta na nyuma lori la mbao. Kushoto na kulia, kuta za zege. Pale ukishaingia umeingia. Masafa akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Alimwona mjomba akilini mwake, akivuta kola ya suti mpya.

Binti alikuwa anaangalia nje. Dereva mmoja alikuwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni cha lori lake. Mwingine ameanika shati kwenye bampa na kuinjika sufuria kando ya gurudumu. Mwingine alikuwa kwenye simu, akimwomba mtu msamaha.

"Kumbe hii foleni ipo kweli," alisema binti.

"Ipo."

"Mama alidhani una mke mwingine huku."

"Mke mwingine," alisema Masafa, bila kuinua kichwa, "nitampatia wapi muda?"

Binti alicheka mpaka akahofia wanja wake. Foleni ikasogea, zamu yao ikafika, na mtu wa mizani, aliyemjua Masafa tangu zamani, akainama dirishani, akatazama maribani, akatazama shela, akauliza amebeba nini leo. Kisha akasema sheria ni sheria, kilichopanda lazima kipimwe. Mashine ikakataa kusoma. Haikuwahi kupandiwa na kitu chepesi namna ile. Wakaruhusiwa kupita, malori ya nyuma yakipiga honi kwa furaha.

Walifika wakati uliopangwa umeshapita. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, mikono kiunoni, na pembeni yake mjomba, suti imenyooka, kiwiko ameshakikunja tayari kushikwa. Masafa akashuka. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na sababu ya kutoa. Akaanza kutembea kuelekea viti vya nyuma.

Binti akamwahi, akapenyeza mkono wake kwapani mwa baba na kuukaza.

"Tairi, mama," alisema. "Limepasuka njiani."

Mama akakitazama kigari, matairi yote manne yamejaa, yanang'aa.

"Tairi lipi?"

"La tela."

Mama alijitahidi kukunja uso, ukamshinda. Akageuka, akaufungua mlango wa ukumbi kwa mikono miwili, akamwambia mjomba ampishe baba wa bibi harusi.