Kikopo cha Peremende

Kazini walimwita Mama Panya, naye aliitika. Miaka kumi na miwili alikuwa akikata ubongo wa panya vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, apime vipokezi vya glutamati, vile vijimlango ambavyo seli hupokelea habari kutoka kwa jirani zake. Panya waliozoeshwa kokeni walibonyeza kitufe, taa ikawaka, dawa ikaingia mshipani. Kisha walinyimwa. Mtu angedhani hamu hupungua siku hadi siku. Wapi. Baada ya mwezi na zaidi, vipokezi vya aina nyingine, vinavyopitisha madini ya kalisi na kuitikia kwa nguvu zaidi, vilikuwa vimejazana, na panya akiiona taa tu, alikibonyeza kitufe kisichotoa kitu kwa pupa kuliko siku ya kwanza.

Ndiyo maana aliposikia kwamba Sukari ameacha dawa, hakwenda kumwona. Alianza kuhesabu siku.

Sukari ndiye aliyemwonjesha kokeni mdogo wake Mama Panya. Vijana hao wawili walikuwa marafiki tangu shule. Unga wao huyo mdogo aliuweka kwenye kikopo cha peremende. Kila walipotaka kuvuta, alikigonga kwa kidole mara mbili, ndipo akakifungua. Mdogo mtu alikufa akiwa na miaka ishirini na sita, moyo umesimama ghafla, na hospitali ikamkabidhi dada nguo, mkanda na kikopo kile. Mazishini Sukari hakutia mguu.

Siku ya arobaini na tano, mchana, Mama Panya aliingia kwenye chumba ambamo Sukari alikuwa akitengenezea saa. Dirisha la nondo, meza moja, mlango mmoja wa chuma.

"Karibu, dada." Kisha akamtambua, kibano kikamponyoka. "Nilitaka kuja. Sikuwa na uso."

"Uso unao. Nauona."

Akatoa kikopo, akakigonga mara mbili.

Kilikuwa kitupu, kimeoshwa mpaka harufu ya mnanaa imetoka. Hata hivyo jasho lilimchuruzika Sukari juu ya mdomo, na mkono wake ukatambaa mezani kama wa mtu mwingine. Mama Panya alitazama kwa raha aliyoingoja miaka minne.

"Hakina kitu," akasema.

"Najua. Lakini anayeuza yuko kona ya pili tu." Akausukuma ufunguo wa mlango hadi ukingoni mwa meza. "Nifungie, dada. Ukinisikia naomba, usifungue. Nitasema uongo mwingi."

Hilo hakulipanga. Angeweza kuuacha ufunguo pale na kwenda zake. Kona ya pili ingemaliza kazi kabla jua halijazama. Aliliwaza taratibu, kama anayeonja mchuzi. Lakini aliyepata dawa yake hutulia, na yeye hakutaka Sukari atulie.

Akafunga kwa nje, akakaa kwenye benchi, kikopo mapajani.

Haikupita robo saa. "Dada, imeisha, fungua." Kisha, "Dada, nabanwa na mkojo." Kisha matusi ya nguoni. Kisha akamwita marehemu kwa jina lao la utotoni, akalia.

Mama Panya aliinamia tundu la ufunguo.

"Endelea," akasema. "Mimi sina haraka."